UZI: Muuguzi anaandika ordonansi (karatasi ya dawa) kila siku, afundishwe na apimwe kwa kazi hiyo

Muuguzi, Kadutu (mwanzishaji wa uzi)

Ndugu wauguzi, wakunga, wafamasia na madaktari wa Bukavu na pande zake, huku mashariki mwa Kongo, nawasalimu.

Nina miaka 14 katika uuguzi, saba ya mwisho nikiwa infirmye titulere, yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya hapa Kadutu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayeketi mezani, ninayempima mgonjwa, ninayechagua dawa na kuiandika. Daktari yuko hospitali kuu ya zoni ya afya, na mgonjwa hupelekwa kwake pale ordinogramu (mchoro wa hatua za kumpima na kumtibu mgonjwa) inapoelekeza apelekwe. Hali ni hiyohiyo Kabare, Walungu na Kalehe, na sioni aibu kuisema, kwa kuwa bila muuguzi huyo milima mingi ingebaki bila dawa.

Linaloninyima usingizi ni kwamba hakuna aliyewahi kunipima kama najua kuandika dawa. Shuleni nilifundishwa famakolojia kama orodha ya majina ya kukariri, na stazi zangu (mazoezi ya kazi) zilikuwa za sindano, vidonda na serumu. Kuandika nilijifunza kwa kumtazama titulere aliyenitangulia, pamoja na makosa yake, na baadhi ya makosa hayo niliyabeba kwa miaka kabla sijagundua kuwa ni makosa.

Niwaeleze jambo moja lililotokea mbele ya macho yangu. Mama alileta mtoto wa miaka miwili, kilo 11 kwenye mizani, malaria kali, amelegea, hawezi kunyonya wala kumeza. Ilibidi apewe artesunate ya msuli kabla ya kupelekwa hospitali. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza tangu 2015, kwa hiyo alihitaji miligramu 33. Mwanafunzi wa stazi, binti makini aliyekuwa mwaka wa mwisho, alifanya hesabu hiyo vizuri. Akachanganya kichupa cha miligramu 60 kwa njia ya msuli, ambapo dawa yote inakuwa mililita 3, yaani miligramu 20 katika kila mililita. Lakini kichwani alikuwa na kipimo cha mshipa alichokizoea hospitalini, ambacho ni miligramu 10 kwa mililita. Akatafuta mililita 3.3, akakuta kichupa kina 3 tu, akazivuta zote. Mkononi mwake kulikuwa na miligramu 60, karibu mara mbili ya dozi. Nilimshika mkono mtoto akiwa tayari amefunuliwa paja. Tukarudi mezani, tukaandika hesabu upya kwenye karatasi, ikatoka mililita 1.65, na mtoto akapewa hiyo.

Yule binti miezi minne baadaye alipata diploma yake, na leo huenda yuko peke yake katika kituo fulani, bila mtu wa kumshika mkono.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jinsi nchi nyingine zinavyowaandaa wahudumu wasio madaktari kabla ya kuwapa haki ya kuandika dawa. Uingereza ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 1986 ripoti iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilionyesha kwamba wauguzi wa majumbani walikuwa wakipoteza saa nyingi wakimsubiri daktari atie saini kwenye vifaa vya vidonda na dawa ambazo wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuzichagua. Sheria ikapitishwa 1992, majaribio yakaanza 1994 kwa orodha fupi sana ya dawa, orodha ikapanuliwa kidogokidogo, na 2006 wauguzi na wafamasia waliohitimu wakaruhusiwa kuandika karibu dawa zote, kila mmoja ndani ya eneo analolimudu. Safari ya miaka 20, kwa hatua fupifupi. Baadaye wakaingizwa wataalamu wa viungo na wa miguu mwaka 2013, na wahudumu wa ambulensi mwaka 2018.

Kilichonigusa zaidi ni yale mafunzo yenyewe. Kwa mfamasia ni kama siku 26 za masomo, na juu yake saa 90 za kuona wagonjwa na kuandika chini ya macho ya msimamizi ambaye naye ni mwandikaji mzoefu. Wauguzi wamewekewa mtihani wa famakolojia ambao alama ya kufaulu ni asilimia 80, na mtihani wa hesabu za dawa ambao alama ya kufaulu ni asilimia 100. Yaani ukikosa swali moja la hesabu, hujafaulu. Niliposoma hilo nilimkumbuka mtoto wa kilo 11, nikaona kwamba aliyeweka alama hiyo aliwahi kusimama mahali niliposimama mimi.

Ombi langu kwa wenzangu ni tulijadili hili kwa uzito: je, shule zetu za uuguzi, ITM za sekondari na ISTM za chuo, zoni za afya na Order ya Wauguzi (chombo cha taaluma yetu), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, haziwezi kujenga mafunzo ya kuandika dawa kwa muuguzi aliye kazini, yenye saa za kusimamiwa, mtihani wa hesabu usio na huruma, na cheti kinachosema wazi ni dawa zipi anaweza kuandika na ni zipi hawezi?

Daktari, hospitali kuu ya zoni

Muuguzi wa Kadutu, nakushukuru kwa kuliweka jambo hili mezani bila kulificha. Nakubaliana nawe katika sehemu kubwa, ila naomba niongeze lile ninaloliona upande wa pili wa barua ya uhamisho.

Mgonjwa anapofika kwangu akiwa amekwisha kutumia dawa nne, tatizo la kwanza kwa kawaida ni utambuzi wa ugonjwa, na dozi inafuata. Mtu hawezi kuandika vizuri dawa ya ugonjwa asioujua. Ndiyo maana Uingereza haimpokei katika mafunzo hayo mtu asiyeweza kuonyesha kwamba tayari anamudu kumpima mgonjwa na kufikia uamuzi katika eneo lake. Siku 26 zinatosha kwa sababu zinajengwa juu ya msingi. Kwetu msingi huo haulingani: kuna A2 (muuguzi wa ngazi ya sekondari) aliyesomea kijijini wakati wa vita, kuna A1 na A0 waliosoma chuo, na wote wanashika kalamu ileile.

Jambo la pili ni kutambua madhara. Wengi wenu mnakumbuka yaliyotokea Ituri kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015. Zaidi ya watu 1,000 walianza kukakamaa uso, shingo na ulimi, na mwanzoni ikadhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Ilikuja kugundulika kwamba vidonge vilivyokuwa vinauzwa kama diazepam, dawa ya kutuliza, ndani yake vilikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili inayoweza kuleta mkakamao huo. Fikirini muuguzi anayempokea mgonjwa wa namna hiyo. Asipofundishwa kujiuliza "mgonjwa huyu amemeza nini?", ataandika diazepam nyingine kutoka kopo lilelile ili kumtuliza. Mafunzo yoyote ya kuandika dawa yasiyomfundisha mtu kuishuku dawa yake mwenyewe yana pengo kubwa.

Ningependekeza tuanze na ile njia ya Uingereza iliyo hatua moja chini ya uandikaji huru (wa kuandika bila kumtegemea daktari), ambapo muuguzi au mfamasia anaendeleza matibabu kulingana na mpango uliokubaliwa kwa maandishi baina yake, daktari na mgonjwa. Kwa wagonjwa wetu wa shinikizo la damu, kisukari na kifafa, njia hiyo ingefaa hata kesho: mimi nafanya utambuzi na kuweka mipaka, muuguzi wa kituo anapandisha au kushusha dozi ndani ya mipaka hiyo, na mgonjwa hahitaji kupanda pikipiki kila mwezi kuja kunitafuta.

Muuguzi, Kadutu

Dokta, pendekezo la kifafa peke yake lingeniondolea mzigo mkubwa. Nina wagonjwa wanaoacha fenobabitali kwa sababu ya nauli, kisha wanarudi wameungua motoni.

Kuhusu msingi usiolingana, nakubali, na ndiyo sababu nataka mtihani. Leo hakuna anayejua nani anaweza na nani hawezi.

Mfamasia, Ibanda

Naomba nizungumzie jambo ambalo wengi tunalikwepa kwa kuwa linagusa chakula cha nyumbani.

Tangu Mpango wa Bamako wa 1987, vituo vyetu vimejifunza kujiendesha kwa mapato ya dawa. Yule anayeandika ndiye mara nyingi anayeuza, na motisha ya mwisho wa mwezi inatoka katika sanduku lilelile. Simlaumu mtu, kwa sababu mshahara wa serikali wengine hawajawahi kuuona. Hata hivyo, ukimfundisha mtu kwa siku 26 jinsi ya kutoandika antibiotiki isiyohitajika, kisha ukamrudisha katika kituo ambacho umeme, maji na mlinzi vinalipwa na antibiotiki hiyo, umemweka katika vita na nafsi yake. Mafunzo lazima yaguse jambo hili kwa uwazi, na zoni iangalie namna ya kutenganisha kalamu na sanduku, hata kama ni kwa kumpa mtu mwingine kazi ya kutoa dawa na kuhesabu fedha.

Nasema hivi kwa sababu naziona ordonansi zinazofika dirishani kwangu. Sefutriaksone imeandikwa kwa kikohozi, siprofloksasini kwa kuhara kwa maji kusiko na damu. Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibiotiki mwaka 2017 katika makundi matatu, na hizo mbili ziko katika kundi la kuangaliwa kwa makini, ilhali amoksisilini iko katika kundi la kwanza, lile la kutumika kwa kawaida. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana huko New York kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazotumia binadamu duniani zitoke katika kundi hilo la kwanza. Lengo hilo Bukavu litafikiwa au kukosekana mezani pa infirmye titulere, kwa maana ndiye anayeandika nyingi kuliko sisi wote.

Ningependa pia mafunzo yachukue zile hatua sita ambazo Shirika hilo limekuwa likizifundisha tangu 1994: kulieleza tatizo la mgonjwa, kuweka lengo la matibabu, kuthibitisha kwamba dawa uliyoizoea inamfaa mgonjwa huyu, kuanza tiba, kumpa mgonjwa maelezo na maonyo, kisha kufuatilia. Katika karatasi ninazozipokea, hatua ya nne ndiyo pekee inayoonekana.

Na tusisahau kwamba wafamasia pia wanaweza kufunzwa kuandika. Huko Uingereza, kuanzia 2026 mfamasia mpya anasajiliwa akiwa tayari na haki hiyo.

Mkunga, Walungu

Mimi nina neno fupi. Mama wa mimba ya kwanza aliletwa kwetu usiku, presha 170 juu ya 115, kichwa kinauma, haoni vizuri. Najua dozi ya kuanzia ya salfeti ya magnesi, dawa ya kuzuia degedege la mimba, kama ninavyojua jina langu: gramu 4 polepole mshipani na gramu 5 katika kila tako. Najua kwamba kabla ya kurudia dozi napaswa kuangalia kama goti bado linaruka, kama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kama mkojo unatoka, na kwamba glukonati ya kalsiamu, dawa ya kuitangua ikizidi, iwe karibu. Nilifundishwa kuitoa. Lakini katika kituo nilichokuwa wakati ule, sikuwa na ruhusa ya kuianzisha bila daktari kusema ndiyo kwenye simu, na usiku huo mtandao haukuwepo. Nilikaa dakika 40 nikipiga simu huku nimeshika mkono wa mama. Alipopata degedege ndipo niliichoma bila kumngoja mtu, na asubuhi niliulizwa ni nani aliyeniruhusu.

Mama na mtoto waliishi. Nawaombeni, mnapoandika orodha ya dawa ambazo mkunga aliyefunzwa anaweza kuzianzisha mwenyewe, msiisahau hiyo.

Muuguzi wa A2, kituo cha mbali

Wakubwa zangu, nimesoma yote kwa heshima, lakini naingiwa na hofu. Kila mara jambo zuri linapoanzishwa mjini, sisi wa A2 tunaambiwa kwamba hatufai. Mafunzo haya yakiwekwa ISTM Bukavu, na karo yake, na miezi yake, nani atabaki kituoni? Tuko wawili. Mmoja akienda, mwingine anazalisha, anachanja, anaona wagonjwa na kulala hapohapo. Na baada ya cheti kuwekwa kuwa sharti, sisi tusio nacho tutakatazwa kuandika? Basi watu wa huku watatibiwa na nani?

Tusisahau kwamba nchi yetu imewaruhusu hata marele wa jamii, watu wa kijiji wasio wauguzi, kutoa dawa ya malaria, amoksisilini, maji ya chumvichumvi na zinki kwa watoto katika maeneo ya mbali, na imefanya hivyo kwa mafunzo mafupi na fishi yenye picha. Kama rele anaweza kufundishwa palepale kijijini, mimi pia naweza.

Muuguzi, Kadutu

Mdogo wangu, umesema kweli, na hoja yako imenibadilisha mawazo kuhusu jambo moja ambalo nitalieleza.

Kwanza tuangalie jirani zetu. Uganda iliona kwamba wagonjwa wa saratani walikuwa wanakufa kwa maumivu vijijini kwa sababu daktari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika mofini. Mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, ya miezi tisa, kuiandika. Dawa wanayoiogopa hata madaktari wengi iliwekwa mikononi mwa muuguzi, kwa kuwa alikuwa amefunzwa kwa ajili ya hiyo. Afrika Kusini ilikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia 2010 iliwapa wauguzi wa vituo vya msingi kazi ya kuanzisha dawa za kupunguza makali ya VVU, na sehemu kubwa ya mafunzo yalifanyika kituoni penyewe, mkufunzi akija kwa muuguzi badala ya muuguzi kwenda kwa mkufunzi. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Free State na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa waliohudumiwa na wauguzi hao hawakufa kwa wingi kuliko waliohudumiwa na madaktari.

Ndipo ninapokubaliana nawe. Nilipoanza uzi huu nilifikiria darasa la ISTM. Sasa naona kwamba masomo ya nadharia yanaweza kugawanywa katika siku mbili kila mwezi, zile siku ambazo tayari tunateremka kwenye ofisi ya zoni kwa ripoti, na saa 90 zifanyike kituoni kwako, kwa wagonjwa wako. Msimamizi anaweza kuwa daktari wa zoni anapokuja katika ziara yake, au titulere mwenzako aliyekwisha kufaulu. Uingereza yenyewe ililazimika kubadilisha kanuni hiyo: mwanzoni msimamizi alikuwa lazima awe daktari, lakini sasa mwandikaji mzoefu asiye daktari anaweza kusimamia.

Kuhusu diploma, mtihani wa hesabu hauulizi kama wewe ni A2 au A0. Unauliza kichupa hiki kina miligramu ngapi katika mililita moja. Kwa ambaye bado hajafaulu, abaki na ordinogramu na orodha fupi kama ilivyo leo, asinyang'anywe kitu, na apewe nafasi ya kurudia. Kwa aliyefaulu, orodha ipanuliwe: mpango wa kifafa na presha aliousema Dokta, salfeti ya magnesi ya mama yetu wa Walungu.

Mzazi, Bagira

Samahani, mimi si mtu wa afya, ni mama wa watoto watano. Ninyi mkishapeana vyeti, mimi ninayeketi kwenye benchi nitajuaje kwamba huyu aliye mbele yangu amefaulu?

Muuguzi, Kadutu

Mama, swali lako ni la haki kabisa. Uingereza muuguzi aliyepata haki hiyo anawekewa alama katika rejista ya taaluma yake, na mtu yeyote anaweza kuitafuta na kuisoma. Kwetu, Order ingeweza kutunza rejista, na kituo kikabandika cheti ukutani karibu na bei za huduma, kwa Kiswahili, kikitaja jina la mwenye cheti na aina za dawa anazoruhusiwa kuanzisha.

Kwa mfamasia: suala la sanduku la fedha nimelipeleka kwa kamati ya afya ya kituo chetu. Tumekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao ninayeandika sitashika tena ufunguo wa dawa.

Wakati tunasubiri wakubwa, daktari wa zoni yetu amekubali kujaribu pamoja na wauguzi watatu. Tumechora daftari la saa 90 kwa mkono: tarehe, umri, uzito, ugonjwa, dawa iliyochaguliwa, hesabu yake yote bila kuruka hatua, dawa iliyofikiriwa na kuachwa na sababu ya kuiacha, maelezo aliyopewa mgonjwa, siku ya kurudi, kisha saini ya msimamizi. Ile safu ya dawa iliyoachwa ndiyo iliyotugharimu mjadala mrefu, kwa kuwa wawili kati yetu waliiona ni kazi ya ziada, lakini daktari alisisitiza ibaki, na leo nimemwelewa.

Mstari wa kwanza tumeujaza jana asubuhi. Mtoto wa miezi 9, kilo 7.5, anahara maji siku ya pili, hana damu, ana kiu na ngozi inarudi polepole. Maji ya chumvichumvi mililita 75 kwa kila kilo kwa saa nne hapohapo kituoni, jumla takriban mililita 560, kwa kijiko. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10. Dawa iliyofikiriwa na kuachwa: metronidazoli, ambayo mama aliiomba kwa jina. Sababu: hakuna damu kwenye choo. Ilichukua robo saa kumweleza mama huyo, naye akakubali, na daktari akatia saini.